Muhasaba na Vyombo vya Zama Zetu

Muhasaba maana yake ni mtu kukaa na nafsi yake akaiuliza: leo umetenda nini, na kwa nini? Wanavyuoni wetu wameifanya kuwa ilimu kamili. Harith bin Asad, aliyezaliwa Basra akafa mwaka 857, aliitwa al-Muhasibi kwa ajili yake; naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameiwekea kitabu cha 38 katika Ihya. Swali letu ni hili: je, chombo chaweza kumsaidia mtu katika kazi hiyo?

Twajibu kuwa chaweza, bali si kila chombo. Tazameni tasbihi: yashika hesabu ili moyo usishughulike nayo. Lakini programu nyingi za simu zafanya kinyume. Huhesabu siku zilizofuatana, na siku moja ikikatika mtu huhuzunikia tarakimu, si ibada iliyompita. Na wengine (tusifichane) huwaonyesha rafiki zao hesabu ile. Hapo muhasaba imegeuka riya.

Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Sweden, Hallnäs na Redström, waliandika kuwa vyombo visitengenezwe kwa kuharakisha kazi tu. Viwepo na vya polepole, vimpavyo mtu nafasi ya kufikiri. Baadaye William Odom na wenziwe walitengeneza sanduku la mbao lenye mashine ya kuchapa ndani yake. Kwa mwezi huchapa picha nne au tano tu, likizichagua lenyewe katika picha za zamani za mwenyewe, wala yeye hawezi kuliharakisha. Masanduku hayo yalikaa katika nyumba tatu kwa miezi 14, na habari zake zikatolewa mwaka 2014. Mwanzo watu walikereka. Hatimaye wakazoea kungoja. Wala si ajabu. Maelfu ya picha tulizonazo mfukoni hatuzitazami, lakini moja ijayo bila kuitwa hutukalisha kitako.

Basi twawaomba vijana wetu wajuao kazi hii watutengenezee programu iulizayo swali moja tu baada ya Isha. Isihesabu, isisifu, isikemee. Jibu lifungwe, kisha limrudie mwenyewe baada ya miezi, siku asiyoitazamia, asome kwa maneno yake mwenyewe deni aliloahidi kulipa na jirani aliyeazimia kupatana naye. Na maneno hayo yakae katika simu ile ile, yasipelekwe kwa kampuni yoyote, wala pasiwe na kitufe cha kuyatuma kwa mtu.