Tujifunze Mitambo ya Ujenzi: Eskaveta Ndogo Yenye Mota Darasani

Somo hili limeandaliwa kwa walimu na wanafunzi wa Sekondari Msingi, wakufunzi na vijana wa vyuo vya ufundi vya vijijini, na wazazi wanaopenda kuwasaidia watoto nyumbani. Linahitaji vipindi vinne hivi. Mwishoni, mwanafunzi ataweza kuunda mfano wa eskaveta unaozunguka kwa mota na kuinua mchanga kwa nguvu ya maji, na kueleza kwa hesabu kwa nini mtambo hupinduka.

KWA NINI SOMO HILI

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, eskaveta si kitu kigeni. Tunaiona kwenye barabara zinazojengwa, kwenye mifereji ya maji ya mashamba ya Kimira-Oluch na Kuja ya Chini, na kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Macalder. Mto Kuja unapofurika na kuingia mashambani Nyatike, mtambo huo ndio huitwa kuinua kingo na kuzibua mitaro.

Lakini mtambo ukija pamoja na mwendeshaji na fundi wake kutoka mbali, kijana wa hapa hubaki na kazi ya jembe na toroli. Ujuzi wa kuendesha na kutengeneza mitambo hufundishwa vyuoni, na ufahamu wa msingi unaweza kuanza mapema darasani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Somo kama hili linaweza kufundishwa katika ngazi hizo zote, kila moja kwa kiwango chake.

TOFALI DOGO, KIPIMO KIMOJA

Ulimwenguni, mifano ya mitambo hujengwa sana kwa matofali ya plastiki ya kuchezea. Kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen mwaka wa 1932, ilisajili hataza ya tofali lake la kushikana mwaka wa 1958. Mwaka wa 1977 ilitoa vipande vyenye ekseli na gia, na mwaka wa 2019 ikauza mfano wa eskaveta ya Liebherr R 9800 wenye vipande 4,108 na mota saba.

Siri ya matofali hayo ni kipimo. Vifundo vyote vimeachana kwa milimita 8, hivyo kipande chochote hukaa juu ya kingine bila kuchongwa upya. Vifaa hivyo ni ghali, na shule nyingi hazina. Kipimo, hata hivyo, hakiuzwi. Kata vipande vya mbao laini vyenye upana wa sentimita 2, kisha toboa matundu yaliyoachana kwa sentimita 2 kamili. Kila kipande kitaungana na kingine kwa boliti ndogo au spoku ya baiskeli. Mkono ukivunjika, unabadilisha kipande kimoja tu. Fundi wa mtambo halisi hufanya vivyo hivyo anapoagiza pini kwa namba yake.

VIFAA

• Vipande vya mbao vyenye matundu, au matofali ya kuchezea kama yapo
• Mota ndogo kutoka kwa redio au mashine ya DVD iliyoharibika
• Betri mbili za tochi (volti 3 kwa jumla), waya na swichi
• Mabomba ya sindano mapya yasiyo na sindano: mawili membamba na mawili manene
• Mirija miwili myembamba ya plastiki, maji, na raba bendi au vipande vya tyubu ya baiskeli
• Mkebe mdogo wa kutengenezea baketi, mchanga, mawe madogo na mizani

HATUA ZA KUJENGA

1. Unda kitako chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 12. Hiki kinachukua nafasi ya minyororo ya mtambo.

2. Katikati ya kitako simamisha boliti moja imara. Juu yake weka sahani ya mbao ya kipenyo cha milimita 100, izunguke bila kuyumba. Juu ya sahani funga jukwaa la mkono na la uzito wa nyuma.

3. Funga mota kwenye kitako. Kutoka ekseli ya mota, pitisha raba bendi hadi gurudumu la milimita 60. Kwenye ekseli ya gurudumu hilo weka kijiti cha milimita 5, na kutoka hapo pitisha raba bendi ya pili hadi kwenye sahani.

4. Unganisha mkono mkuu na mkono mdogo kwa pini, kisha funga baketi mwishoni.

5. Jaza maji katika bomba jembamba na mrija wake, toa mapovu yote, kisha unganisha na bomba nene lililofungwa kwenye mkono mkuu. Rudia kwa mkono mdogo. Povu la hewa likibaki, utasukuma na mkono utachelewa kuinuka, kwa sababu hewa hubanika lakini maji hayabaniki kwa urahisi.

6. Unganisha betri. Ili sahani izunguke upande mwingine, badilisha waya za betri.

HESABU YA KWANZA: KASI NA NGUVU

Tuseme mota inazunguka mara 6,000 kwa dakika, na ekseli yake ina kipenyo cha milimita 2. Gurudumu la milimita 60 litazunguka polepole mara 30 zaidi, yaani mara 200 kwa dakika. Kutoka kijiti cha milimita 5 hadi sahani ya milimita 100, kasi inapungua mara 20. Sahani itazunguka mara 10 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 6. Hiyo inakaribia kasi ya eskaveta nyingi za kawaida.

Kasi iliyopotea imegeuka kuwa nguvu ya kuzungusha, ukiondoa ile inayoliwa na msuguano. Shika sahani kwa mkono: raba bendi itateleza, na mota haitaungua. Mtambo halisi una vali inayofunguka shinikizo likizidi, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuulinda mtambo.

HESABU YA PILI: NGUVU YA MAJI

Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo ndani ya maji yaliyofungwa husambaa sawa kila upande. Pima vipenyo vya mabomba yako. Kama jembamba lina milimita 12 na nene milimita 20, gawanya 20 × 20 kwa 12 × 12, yaani 400 kwa 144. Jibu ni karibu 2.8. Ukisukuma kwa nguvu ya kuinua kilo 1, upande wa pili utapata nguvu ya kuinua karibu kilo 2.8.

Faida hiyo ina gharama. Ukisukuma sentimita 5, mkono utasogea sentimita 1.8 tu.

HESABU YA TATU: KWA NINI MTAMBO HUPINDUKA

Hapa ndipo somo linapogusa maisha ya watu. Weka gramu 200 za mchanga kwenye baketi, na unyooshe mkono hadi sentimita 40 kutoka katikati ya sahani. Uzito wa nyuma uwe sentimita 6 nyuma ya katikati.

Mkono ukielekea mbele, mtambo utapindukia ukingo wa mbele wa kitako, ulio sentimita 10 kutoka katikati. Mchanga uko sentimita 30 nje ya ukingo huo, na uzito wa nyuma uko sentimita 16 ndani yake. Basi 200 × 30 ni 6,000; gawanya kwa 16, unahitaji gramu 375.

Sasa zungusha mkono uelekee ubavuni. Ukingo wa ubavu uko sentimita 6 tu kutoka katikati. Mchanga uko sentimita 34 nje, na uzito wa nyuma sentimita 12 ndani. 200 × 34 ni 6,800. Gawanya kwa 12, unahitaji karibu gramu 567.

Mzigo ni ule ule na mkono ni ule ule, lakini uzito uliotosha mbele hautoshi ubavuni. Hesabu hii haijaweka uzito wa kitako, unaosaidia, wala wa mkono, unaovutia mbele. Kwa hiyo jaribu kwa vitendo na uandike tofauti unayoiona.

Kisha weka mfano ukingoni mwa shimo kwenye sanduku la mchanga mkavu, na baadaye mchanga uliolowa sana. Wanafunzi wataona ukingo ukibomoka chini ya uzito. Machimboni, mvua ikinyesha, kuta za shimo huanguka kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi bila kutoa onyo.

USALAMA

• Usiokote kamwe bomba la sindano lililotumika. Nunua jipya dukani.
• Usitumie betri ya simu wala umeme wa nyumbani.
• Mtambo halisi ukifanya kazi, watoto wakae mbali. Mwendeshaji haoni vizuri nyuma na ubavuni, na sehemu ya nyuma huzunguka haraka.
• Usiingie kwenye shimo lenye kuta zilizo wima zisizoegemezwa. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni.

ZOEZI

1. Mkono ukifupishwa hadi sentimita 30 kutoka katikati, uzito gani wa nyuma utahitajika ubavuni?
2. Ukibadilisha gurudumu la milimita 60 na la milimita 30, sahani itazunguka mara ngapi kwa dakika?
3. Eleza kwa nini mwendeshaji hukunja mkono kabla ya kuzungusha baketi iliyojaa.

Majibu: (1) 200 × 24 ÷ 12 = gramu 400. (2) Mara 20. (3) Mzigo ukiwa karibu na kitako, nguvu ya kupindua hupungua.

Mwalimu, waache wanafunzi wakosee hesabu kwenye mfano na waone ukipinduka. Wakiinua kijumba cha mbao kilichoanguka, watakumbuka kanuni hiyo siku watakapokaa ndani ya mtambo halisi, au watakapoamua kutosimama chini yake.