MAVAZI YA NYUMBANI NA MAVAZI YA NJIANI

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatuna hata uzi mwilini, kisha akatupa cha kujistiri na cha kujipamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Wanafunzi wapenzi, kila mwaka mabanati huniuliza kuhusu baibui: la kubana linafaa? La rangi je? Lenye vimetameta mikononi je? Lakini ni nadra mtu kuniuliza, "Mwalimu, nyumbani nivae nini?" Na nyumbani ndiko tunakokaa saa nyingi zaidi. Kwa hivyo darsa hili nitalianza uani, kisha ndio tutoke nje.

Katika Suratul A'araf, aya ya 26, Mola wetu anatukumbusha kuwa ametuteremshia nguo kwa kazi mbili: kufunika tupu zetu na kuwa pambo kwetu. Kisha akataja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora. Tuzingatie kwamba sitara na pambo zimetajwa pamoja katika aya moja. Anayedhani dini inataka mtu awe mchafu na mchakavu ndio aonekane mcha Mungu, aya hii inamjibu. Na aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inamkemea anayeharamisha mapambo ambayo Mungu amewatolea waja wake. Aidha, amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipokataza kibri, mtu mmoja aliuliza habari ya anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Mtume akamfahamisha kuwa Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Sasa tuingie nyumbani. Desturi yetu wengi ni hii: nguo nzuri imekunjwa sandukuni inangoja harusi, maulidi na safari ya Unguja. Nyumbani tunashindia kanga iliyopauka, imechanika pembeni, ina harufu ya moshi na samaki. Wageni wa harusini wanauona uzuri wetu, ila wale wanaotulisha na kutulea wanaona tambara. Mimi naona tumeigeuza juu chini, kwani uzuri wetu wenye haki nao mwanzo ni watu wa nyumba yetu.

Someni kisa cha Salmani Alfarisi (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimfungisha udugu na Abu Dardaa. Siku moja Salmani alikwenda kumzuru nduguye akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo chakavu, hana hata dalili ya kujitazama. Alipomuuliza ana nini, alijibu kuwa nduguye Abu Dardaa hana haja na dunia. Yaani mumewe alikuwa mchana anafunga, usiku anasali, na mke hana habari naye. Salmani hakumlaumu mwanamke hata kidogo. Alibaki na Abu Dardaa, akamfunguza saumu yake ya sunna, usiku akamlaza, kisha akamfundisha kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na mke ana haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salmani. Tazameni namna nguo moja iliyochakaa ilivyomuonesha sahaba huyu kuwa nyumba ina jambo!

Na Ibnu Abbasi (R.A.) alikuwa akisema kuwa anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Wavulana waliokuwa wakicheka mpaka hapa, naomba waisome habari hiyo mara mbili. Mume anayerudi kutoka pwani ananuka chambo, akakaa na shuka ile ile mpaka Isha, hana mdomo wa kumlaumu mtu.

Nyinyi bado hamjaoa wala kuolewa, lakini tabia huanza sasa. Si lazima kununua chochote. Mtu akimaliza kazi za jikoni na kuchota maji, aoge, achane nywele, avae gauni safi hata kama lina kiraka, ajifunge kanga iliyofuliwa. Hina, wanja na kikuba cha asumini na kilua ni mapambo ambayo bibi zetu waliyapata uani kwao bila ya kwenda Chake Chake dukani. Udi na manukato mahali pake ni humo ndani, anayetoka akapita mbele ya wanaume ananukia, hilo Mtume (S.A.W.) amelikataza.

Hata hivyo nyumba zetu za Pemba si za baba, mama na watoto tu. Yumo shemeji, yumo binamu aliyekuja kusoma, na jirani anaingia kwa mlango wa uani kuomba moto. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika Suratun Nur, aya ya 31, wametajwa wanaoweza kuliona pambo la mwanamke: mume, baba, baba wa mume, watoto, ndugu, watoto wa ndugu na wengineo waliomo humo. Ami na mjomba nao ni maharimu kwa dalili nyengine. Lakini binamu hamo, na shemeji hamo, hata kama amelelewa humo ndani na mnamwita kaka. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke, alimfananisha na mauti. Si kwamba shemeji ni mtu mbaya. Ila mgeni humwekea mlango, na shemeji hakuna anayemwekea.

Ushauri wangu ni mwepesi: pigilia msumari nyuma ya mlango wa uani, tundika kanga pana au mtandio mzito hapo, usiondoshwe. Ikipigwa hodi, mkono unajua pa kwenda. Na mwenye kupiga hodi asubiri aitikiwe, si kusema hodi huku mguu umeshaingia. Tena aya ya 58 ya sura hiyo inataka hata watoto wadogo waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa joto la mchana watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Nyumba ya chumba kimoja na pazia inawezekana. Pazia nalo hupigiwa hodi.

Tutoke nje sasa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na mwanamke ndani ya Sala hufunika mwili wote ila uso na viganja. Nguo iwe inazuia rangi ya ngozi isionekane, na mbele ya wanaume wa kando isichore mwili. Kuhusu uso njiani, wanavyuoni wetu wamekhitalifiana. Mwenye kuvaa nikabu asimdharau asiyevaa, na asiyevaa asimcheke mwenziwe. Kwa hivyo jibu la swali la baibui ni hili: rangi nyeusi haijafunika kitu ikiwa kitambaa kimeshika mwili kama ngozi ya ndizi. Gauni pana la maua na mtandio mzito linaweza kuwa na sitara kuliko baibui la kubana.

Na baibui lenyewe lina tarikhi. Watu hudhani limekuwepo tangu zama za Masahaba. Katika mwambao wetu lilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, mabibi wa kitajiri wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kama hema kilichobebwa na watumwa, na wanawake wa nyumba za kifalme za Unguja walivaa barakoa usoni. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki tu. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga na kujitanda, na baadaye wengi wakavaa baibui. Mwanamke aliyekatazwa heshima ya kujifunika aliichukua mwenyewe, akapita njia moja na bibi wa jana, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha kwa macho. Msichana anayeliona baibui kuwa mzigo aijue habari hii. Na anayelifanya baibui la ghali kuwa ngazi ya kuwapanda wenziwe, naye aijue.

Baibui lile la zamani lilikuwa la kujifunga, lina uzi wa kichwani. La leo wengi wanavaa lililokatwa kama koti, wazi mbele. Aliyewahi kushuka botini hapa Mkoani siku ya kusi anajua upepo wa gatini unavyolifanya: mkono mmoja una mkoba, wa pili una mtoto, na baibui limepaa. Basi ndani pavaliwe gauni refu, au vifungo vishonwe mpaka chini.

Wako pia mama zetu wanaolima mwani. Nguo ikirowa hushika mwili, na hili haliepukiki, wala dini haikumtaka mtu aache riziki ya halali. Wengi wao wanajua dawa yake kuliko mimi: nguo nzito ya rangi ya kiza, suruali pana ndani, na kanga kavu iliyoachwa ufukweni ya kujitanda wakati wa kupanda juu. Hivyo hivyo msimu wa karafuu: anayepanda mkarafuu avae suruali ndani ya gauni.

Wavulana, zamu yenu. Aya ya 30 ya Suratun Nur, inayotangulia ile ya wanawake, inawaamrisha wanaume wainamishe macho na wahifadhi tupu zao. Kwa hivyo kijana anayekaa barazani kuwahesabu mabanati wenye ushungi mfupi ameshaivunja aya ya kwanza kabla hajafika kwenye ya pili. Na bukta ya mpira inayopanda juu ya goti ina mas-ala. Zipo hadithi mbili katika paja: ya Anas na ya Jarhad. Imamu Bukhari amesema ya Anas ina sanadi yenye nguvu zaidi, ila ya Jarhad ni ya tahadhari zaidi, na madhehebu yetu yameshika kufunika. Bukta ndefu ipo na mpira unachezeka. Hariri na dhahabu kwenu ni haramu, hata mkufu mwembamba.

Limebaki la Iddi. Naona wazazi wanakopa madukani ili mtoto asiwe nyuma ya watoto wa jirani, na deni hilo linafika hadi mfungo tatu. Sunna ya Iddi ni kuvaa nguo iliyo bora katika ulizonazo, haikusemwa lazima iwe mpya. Umar (R.A.) aliwahi kumletea Mtume (S.A.W.) joho la hariri sokoni ili alinunue kwa ajili ya Iddi na kupokea wageni; Mtume akalikataa kwa sababu ya hariri, hakukataa kujipamba. Mwenye kanzu moja aifue mapema, aitie buluu kidogo, aipige pasi ya mkaa, na kofia aioshe kwa mkono isiharibike viua. Mabanati wenye doti moja mpya ya kanga wanaweza kugawana na ndugu zao, mmoja avae Iddi mosi na mwengine Iddi pili.

Wallahu aalam.