Sakafu mbichi, boila bado

*Tunajenga Uingereza. Sakafu ya saruji na mchanga, yenye mabomba ya kupasha joto, ina wiki mbili. Boila haijafika, fundi anataka kuunganisha hita ya umeme ya muda ili ikauke upesi. Tukubali? – Mama S.*

Hita haina ubaya, Mama S.; haraka ndiyo yenye ubaya. Saruji hukomaa kwa maji yaliyomo. Mkiyafukuza mapema, sakafu hupasuka au kujikunja pembeni. Subirini siku 21 tangu kumwagwa. Kisha pitisheni maji ya nyuzi 20 hadi 25 kwa siku 3, ndipo mpandishe joto polepole. Mvuke nao utoke, madirishani au kwa mashine ya kunyonya unyevu. La sivyo mnachoma umeme bure. Kabla ya kutandika mbao, unyevu upimwe kwa kifaa. Nyufa zikitokea, zimeni hita, mwiteni aliyemwaga sakafu.