Kitabu amepotea: somo la upatanisho kwa anayetengeneza kurasa za mtandao

Mwaka huu wenzangu wawili nami tulitengeneza kamusi ndogo ya mtandaoni yenye nomino 340 za Kiswahili, kila moja na ngeli yake na sentensi ya mfano. Sehemu inayoonekana kwenye kivinjari niliiandika mimi, kwa React. Siku moja mwenzangu mmoja, aliyekuwa akiandaa kazi yake ya mwisho wa masomo, aliniletea karatasi. Alikuwa amehesabu nomino zinazoanza kwa ki- lakini huchukua upatanisho wa watu: kijana, kiongozi, kipofu. Katika hesabu hiyo vilikuwemo pia kiti, kisu na kitabu. Kamusi yetu ilikuwa inasema: "Kitabu amepotea."

Nilidhani amekosea kuandika. Kosa lilikuwa langu.

Ukurasa wa React hujengwa kwa vipande viitwavyo komponenti. Sisi tulikuwa na tatu: orodha ya nomino, kadi ya nomino iliyochaguliwa, na fomu ya kusahihisha. Komponenti inaweza kutunza hali yake, yaani yale inayoyakumbuka wakati ukurasa unatumika. Inaweza pia kupokea taarifa kutoka kwa komponenti mzazi. Taarifa hizo huitwa propsi. Fomu yangu ilipokea nomino kama propsi, kisha ikanakili ngeli yake ndani ya useState. Hapo ndipo mtego ulipo. Thamani ya mwanzo unayoipa useState hutumika mara moja tu, komponenti inapozaliwa. Ukibofya kijana, fomu inazaliwa ikiwa na upatanisho wa watu. Ukibofya kitabu baadaye, propsi zinabadilika, lakini fomu ni ileile na nakala yake bado ni ya kijana. Unasahihisha tafsiri ya Kifaransa, unabofya Hifadhi, na kitabu kinageuka mtu.

Mwanafunzi wa sarufi alipaswa kuliona hilo mapema. Tazama: kitabu kile kikubwa kimepotea. Ki- inasikika mara nne, lakini ngeli haitunzwi mahali panne. Nomino ndiyo yenye ngeli. Maneno mengine yanaifuata. Weka kijana mahali pa kitabu, na sentensi nzima inageuka: kijana yule mkubwa amepotea. Hakuna kivumishi kinachobaki na kumbukumbu ya nomino iliyotangulia. (Mtaani Lubumbashi tunasema kitabu yangu na tunaelewana vizuri. Programu haina uvumilivu huo.)

Basi nilipandisha hali hadi kwa mzazi wa komponenti zote tatu. Yeye anatunza vitu viwili tu: orodha ya nomino, na namba ya nomino iliyochaguliwa. Nasema namba, si nomino yenyewe, kwa maana ukiiweka nomino nzima mahali pa pili umeshatengeneza nakala nyingine. Kadi hutafuta nomino kwa namba hiyo. Sentensi ya mfano hutungwa upya kutokana na ngeli, haihifadhiwi popote. Fomu ikitaka kubadili kitu, haibadili yenyewe: inaita funsheni iliyopewa na mzazi.

Si kila kitu kipandishwe, lakini. Maandishi ambayo mtu bado anayaandika kwenye fomu, kabla ya kuhifadhi, ni rasimu, yabaki humohumo. Nilichofanya ni kuipa fomu key yenye namba ya nomino. Namba ikibadilika, React huitupa fomu ya zamani pamoja na rasimu yake na kuzaa mpya.

Lugha ya ukurasa, Kifaransa au Kiswahili, niliiweka katika Context, kwa sababu karibu komponenti zote huisoma na ni nadra ibadilike. Wapo walionishauri nitumie Redux, maktaba iliyotolewa mwaka 2015 na Dan Abramov na Andrew Clark, ambayo hukusanya hali mahali pamoja na kutaka kila badiliko lipite kama tukio lenye jina. Kwa programu kubwa ina maana. Kwa komponenti tatu niliona ni kununua lori la kubebea kikapu.

Nomino 38 zilikuwa zimeharibika. Tulizirudisha moja baada ya nyingine kutoka kwenye fishi za karatasi, ambazo nilikuwa nimependekeza tuzitupe. Mwenzangu ameandika upya sura yake ya tatu, na fishi sasa anazitunza yeye.