Kurambaza: Tujifunze Kabla ya Kuomba Injini ya Mkopo



Kikundi kimoja cha kando ya ziwa kilituletea ombi la mkopo. Walitaka injini ya mashua, fimbo nne za kuvulia na mishipi mirefu. Mwenyekiti wao alitueleza hivi: "Mwalimu, hawa wageni wanavuta uzi mmoja nyuma ya mashua na wanapata samaki mkubwa. Sisi tuna nyavu chungu nzima na tunapata vitoto. Tusaidieni na sisi tuvute." Alikuwa na gazeti la wavuvi wa Marekani alilopewa na mgeni, lenye picha za trauti na samoni.

Hatukukataa, na hatukukubali. Tulisema: kwanza tusome kazi yenyewe. Sisi wenyewe tulishawahi kupitisha injini kwa haraka, na leo injini hiyo imelala chini ya kitanda cha mweka hazina. Ndiyo maana tunaleta somo hili kwa vikundi vyote.

KURAMBAZA NI NINI?

Wavuvi wa Pwani wanalijua jambo hili. Kurambaza ni kuvuta ndoano yenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Samaki mla samaki anaona kitu kinachokimbia, anadhani ni samaki mdogo, anakifuata na kukidaka.

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, watu huvua hivyo samaki wawili wanaopenda baridi.

Wa kwanza ni trauti wa ziwa. Si yule wa mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, aliyeletwa kuanzia mwaka 1905. Huyu ni ndugu yake, anakaa kwenye maziwa ya kina kirefu na anaishi miaka mingi. Mwaka 1961 wavu ulimtoa mmoja wa paundi 102, yaani kilo 46, katika Ziwa Athabasca nchini Kanada.

Wa pili ni samoni wa ziwani. Samoni wa kawaida huzaliwa mtoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi mtoni kutaga. Huyu hafiki baharini. Ziwa ndilo bahari yake. Katika Ziwa Sebago, Maine, mwaka 1907 alivuliwa mmoja wa zaidi ya kilo 10.

Wote wawili hufuata kisamaki chembamba chenye rangi ya fedha kiitwacho smelti. Kwa mfano wetu, smelti kwao ni kama omena kwa mbuta. Anayejua omena ziko wapi, amejua nusu ya kazi.

SOMO LA KWANZA: JUA SAMAKI YUKO KINA GANI

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanauliza, "Ndoano gani?" kabla ya kuuliza, "Samaki yuko wapi?"

Barafu ikiyeyuka, mwezi wa Aprili au Mei, maji ya maziwa ya Maine ni baridi kuanzia juu hadi chini. Smelti huenda midomoni mwa vijito kutaga, na samoni huwafuata. Wakati huo mvuvi hukokota chambo chepesi karibu na uso wa maji.

Kiangazi kikifika, jua hupasha maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi ni mazito, hukaa chini. Kati yake pana tabaka ambapo joto hushuka ghafla. Hata wewe ukioga ziwani umewahi kusikia kichwa kina joto na miguu inashtuka kwa baridi. Trauti wa ziwa hupenda maji ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hushuka chini ya tabaka hilo. Samoni anavumilia joto kidogo zaidi, hukaa karibu nalo. Ukikokota juu mwezi wa Julai, utavuta maji matupu siku nzima.

Kupima si lazima uwe na mashine. Chukua kamba, funga fundo kila mita moja, kisha funga chupa yenye jiwe zito na kizibo. Kizibo kifungwe uzi wake. Shusha chupa hadi kina unachotaka, vuta uzi ili kizibo kitoke, ngoja chupa ijae, ipandishe haraka na utie kipimajoto ndani yake. Andika kwenye daftari. Fanya hivyo kila mita tano.

SOMO LA PILI: NAMNA YA KUFIKISHA CHAMBO CHINI

Ukivuta mshipi, maji huuinua. Kwa hiyo wenzetu wana njia kadhaa za kuushusha.

1. Chubwi la kawaida. Risasi hufungwa kwenye mshipi, mbali kidogo na ndoano. Inafaa maji ya kina kifupi.

2. Mshipi wenye risasi ndani. Huu ni uzi uliosukwa ukiwa na waya mwembamba wa risasi katikati. Hupakwa rangi tofauti kila mita 9 hivi. Ukienda pole pole, kila rangi moja hushuka kama mita moja na nusu. Rangi tano ni mita 45 za mshipi, lakini kina ni mita 7 au 8 tu. Ukiongeza mwendo, mshipi hupanda.

3. Tufe zito. Tufe la kilo 3 hadi 5 huteremshwa kwa waya wa chuma kutoka kwenye roda iliyofungwa mashuani. Mshipi hubanwa na kibanio karibu na tufe. Samaki akidaka, kibanio huachia, na mvuvi anapambana na samaki bila ule uzito. Njia hii hupima kina sawasawa, lakini ni ghali.

4. Waya wa shaba wa mkononi. Hii ndiyo iliyotufurahisha sana. Katika maziwa ya Seneca na Keuka, jimbo la New York, wazee walivua trauti wa kina kirefu kwa waya wa shaba na kijiko kikubwa cha chuma, bila fimbo. Mmoja anapiga kasia taratibu. Mwingine anavuta waya kwa mkono mbele na nyuma, kama mtu anayekata mbao kwa msumeno. Kijiko kinaruka na kuanguka karibu na sakafu ya ziwa kama samaki aliyeumia. Wengine walikunjia waya huo kwenye gramafoni kuukuu za kuzungushwa kwa springi. Kitu kilichochakaa nyumbani kikawa chombo cha kazi.

SOMO LA TATU: MWENDO NA KONA

Trauti wa ziwa ni mvivu kidogo. Hupenda chambo kinachokwenda kilomita 2 na nusu hadi 3 kwa saa, mwendo wa mzee anayerudi sokoni. Samoni hupenda mbio zaidi, kilomita 3 hadi 5 kwa saa.

Utajuaje mwendo wako? Simika vijiti viwili ufuoni, mita 30 kati yake, kisha pita navyo sambamba. Ukitumia sekunde 36, unakwenda kilomita 3 kwa saa. Ukitumia sekunde 22, unakaribia 5.

Tena usiende moja kwa moja kama barabara ya lami. Pinda kulia, kisha kushoto, kama nyoka. Unapopinda, mshipi wa upande wa nje hukimbia na kupanda. Wa ndani hupunguza mwendo na kuzama. Samaki akidaka wa ndani mara mbili tatu, ziwa limekuambia: punguza mwendo au shusha chambo. Akidaka wa nje, ongeza kidogo. Somo hili halina gharama yoyote.

CHAMBO: MANYOYA YA MAMA MSHONA KOFIA

Vijiko vinavyometameta hutumika sana, na vyambo vya manyoya pia. Kule Upper Dam, Maine, aliishi mama aitwaye Carrie Stevens, aliyejua kazi ya kushona kofia. Mwaka 1924 alifunga manyoya kwenye ndoano ili yafanane na smelti, akaenda kujaribu mwenyewe. Alivua trauti wa kijito wa zaidi ya kilo 3. Watu wakaanza kumwagiza, ikawa biashara. Chambo chake mashuhuri, Gray Ghost, bado hukokotwa kwa ajili ya samoni.

Kina mama wenye mikono ya ushonaji, mmesikia? Manyoya ya kuku tunayatupa kila sikukuu.

TUSIFIKIRI SAMAKI HAWAISHI

Trauti wa ziwa hukua pole pole. Huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kutaga, na sehemu za baridi sana huchelewa zaidi. Ukimtoa mkubwa leo, wa kumrithi anakuja baada ya miaka mingi.

Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini yalilipia somo hili. Samaki mnyonyaji wa baharini aitwaye lamprei, mwenye umbo kama la mkunga, alipenya kupitia mfereji wa meli uliozunguka maporomoko ya Niagara. Alionekana katika Ziwa Erie mwaka 1921, na kufikia mwaka 1938 alikuwa amefika Ziwa Superior. Anajibandika kwa mdomo kwenye ubavu wa samaki na kunyonya damu. Wakati huohuo nyavu ziliendelea kuvuna bila huruma. Zamani maziwa ya juu yalitoa kama paundi milioni 15 za trauti kwa mwaka, yaani karibu tani 6,800. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilibaki kama paundi 300,000, yaani tani 136 tu. Vijiji vya wavuvi vilikufa njaa ya kazi.

Marekani na Kanada zilitia sahihi mkataba wa pamoja mwaka 1954. Wataalamu walijaribu maelfu ya kemikali mpaka wakapata moja ya kuua watoto wa lamprei mitoni, ikaanza kutumika mwaka 1958. Trauti wachanga walipandwa, na uvuvi ukawekewa mipaka. Mwaka 2024 ndipo ilipotangazwa kwamba trauti wamerudi kikamilifu katika sehemu kubwa ya Ziwa Superior. Hesabu wenyewe: ni zaidi ya miaka 60 ya kutengeneza kilichoharibika kwa miaka michache.

Ndiyo sababu mvuvi wa Maine hupima samaki kwa rula. Kwa sheria ya jumla ya jimbo hilo, samoni asiyefika sentimita 35 hivi hurudishwa, na trauti wa ziwa asiyefika sentimita 46 hivi pia. Kila mtu huchukua wawili wawili tu kwa siku. Maziwa mengine yana masharti yake zaidi. Mshipi unasaidia hapo: samaki mdogo hutolewa ndoano ndani ya maji, kwa mkono uliolowa, akaenda zake akiwa hai. Aliyenaswa na wavu usiku kucha hana bahati hiyo.

SASA TURUDI KWA LILE OMBI LA MKOPO

Je, tuige? Tuige kwa akili. Kuna tofauti tatu.

Kwanza, ziwa si moja. Ziwa Victoria ni kubwa mno, lakini halizidi mita 80 hivi kwenda chini. Sebago, ziwa dogo kabisa kwake, lina mita 96. Huku kwetu tofauti ya joto kati ya juu na chini ni ndogo. Linalotusumbua zaidi ni hewa ndani ya maji. Takriban kati ya Oktoba na Aprili, maji ya chini sehemu zenye kina hupungukiwa hewa, na mbuta anahitaji hewa nyingi. Kwa hiyo usifuate gazeti ukashusha chambo chini kabisa. Kule wanafuata baridi. Huku mfuate hewa na omena.

Pili, wale hawauzi. Samoni na trauti wanaovuliwa katika maziwa ya Maine haviruhusiwi kuuzwa. Mtu anachoma petroli kwa starehe yake, akipata mmoja anafurahi. Wewe una karo. Tuseme lita moja ya petroli ni sawa na bei ya nusu kilo ya mbuta. Ukichoma lita 8, kilo 4 za kwanza ni za injini, kabla mabaharia hawajalipwa, kabla mkopo haujaguswa. Siku ya kukosa, deni linabaki pale pale.

Tatu, mbuta wetu ana sheria pia. Asiyefika sentimita 50 arudishwe majini. Muulizeni ofisa wa uvuvi na kamati ya ufuo, yaani BMU, kuhusu leseni na sehemu zilizokatazwa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo tuliwaambia wale wanakikundi: wekeni injini pembeni. Chukueni mashua mliyo nayo, kasia au tanga, mishipi miwili na vijiko vya kutengeneza wenyewe. Jaribuni mwezi mzima, watu wawili wawili, mkivaa jaketi za kuokoa maisha na kurudi ufuoni mawingu yakianza kufunga. Kila siku andikeni: saa, mahali, kina, mwendo, chambo, samaki waliodaka, wangapi walirudishwa, kilo ngapi ziliuzwa. Daftari likionyesha faida kwa kasia, tutakaa chini tuzungumze habari ya injini. Likionyesha hasara, mtakuwa mmepoteza jasho la mwezi mmoja, si shamba lililowekwa rehani.

Mwenyekiti alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi tupeni daftari." Tukampa mawili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, katika sehemu yetu omena huonekana wapi asubuhi, na wapi jioni? Nani kati yetu anajua zaidi?

2. Ni vifaa gani vilivyochakaa nyumbani vinavyoweza kuwa kijiko, chubwi au kikunjio cha mshipi?

3. Wavu wetu ukitoa samaki wasiofika kipimo, huwa tunafanya nini? Tuseme ukweli.

4. Pigeni hesabu ya siku moja ya uvuvi: gharama zote upande mmoja, mauzo upande mwingine. Kinabaki nini?

5. Kama samaki wangeisha leo, watoto wetu wangengoja miaka mingapi?