Kamera Haisomi kwenye Ubuntu? Kwanza Jua Nani Kaishika

Wiki iliyopita nilipiga picha za vitambulisho kwenye sekondari moja huku Mkuranga. Kila nikibofya, picha ilitokea kwenye laptop papo hapo, ikiwa na namba ya usajili ya mwanafunzi. Makamu mkuu wa shule alisimama nyuma yangu akitazama, kisha akauliza programu ile ni shilingi ngapi. Nikamwambia ni ya bure. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha.

Inaitwa gphoto2, na kazi kubwa inafanywa na maktaba iliyo ndani yake, libgphoto2. Uzuri wake ni kwamba imejengwa kwa vipande. Vipo vinavyojua lugha ya kamera, na vipo vinavyojua njia ya kupita, iwe waya wa USB au mtandao. Kamera mpya ikitoka, kinarekebishwa kipande kinachohusika tu. Ndiyo maana digiKam, darktable na Entangle, programu za watu tofauti kabisa, zote huongea na kamera kupitia maktaba hiyo hiyo. Inatambua kamera zaidi ya 2,500. Nyingi za kisasa hufuata PTP, utaratibu wa kimataifa wa kuhamisha picha wenye namba ISO 15740, kwa hiyo kipande kimoja kiitwacho ptp2 kinahudumia Canon, Nikon, Sony na wenzao.

Hatua ni nne. Ya kwanza, sakinisha: `sudo apt install gphoto2`. Ya pili, chomeka kamera, iwashe, andika `gphoto2 --auto-detect`. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo muuzaji mmoja wa Kariakoo alipotaka kunipiga.

Kamera yangu, Canon EOS 1300D, ilionekana vizuri kwenye orodha. Lakini nikiiamuru ipige picha, jibu likawa “Could not claim the USB device”. Nikabeba kamera na laptop hadi dukani kwake. Hata kioo hakukitazama. “Kaka, Ubuntu siyo ya wapiga picha. Chukua mashine hii, ina Windows na programu zote.” Programu zenyewe zilikuwa zimechakachuliwa. Nilikataa, nikaondoka, na kinyongo ninacho hadi leo, kwa sababu najua kuna vijana wametoa mtaji wao wote kwa tatizo linaloisha kwa amri moja.

Tatizo ni hili. Programu mbili haziwezi kuishika kamera moja ya USB kwa wakati mmoja. Ukichomeka tu, GNOME inaiwahi: programu yake ya chinichini, gvfs, inaifungua ili ikuonyeshe picha kama folda. Ikishaishika, gphoto2 inabisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa kwa ndani. Kwa hiyo, waya ukiwa umechomekwa, andika:

`gio mount -s gphoto2`

Basi. Kamera imeachiwa, rudia amri yako. Usichomoe waya kisha uchomeke tena, maana gvfs itaiwahi upya na utarudi pale pale. Kama hii ndiyo kazi yako ya kila siku, izuie moja kwa moja:

`systemctl --user mask --now gvfs-gphoto2-volume-monitor.service`

Siku ukiihitaji, weka `unmask` badala ya `mask --now`. Wenye Mac nao wana mshikaji wao, ptpcamerad, na huyo ukimzima hujiwasha tena, kwa hiyo mzime kisha toa amri yako hapo hapo.

Mengine ni mafupi. Zima Wi-Fi ya kamera, maana 1300D haikubali waya Wi-Fi ikiwa imewashwa. Ondoa mpangilio wa kujizima yenyewe. Na unaponunua waya, sisitiza wa data, ujaribiwe mbele yako. Nyingi za bei ya chini zinachaji tu, na wauzaji wanalijua hilo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyomshangaza makamu mkuu. Kwanza `gphoto2 --set-config capturetarget=1`, ili picha iandikwe kwenye kadi, halafu `gphoto2 --capture-tethered --keep --hook-script=./jina.sh`. Neno `--keep` linazuia picha isifutwe kwenye kadi ikishahamishwa. Laptop ikizima ghafla, kazi ya watu ipo. Kila picha inapoingia, gphoto2 inaita skripti yangu na kuipa jina la faili. Mwalimu wa darasa alikuwa akiandika namba ya anayekaa kwenye kiti, skripti inaisoma na kulibadilisha jina. Binti mmoja alifumba macho, tukaona pale pale, akarudia kabla hajainuka. Zamani ningeligundua hilo usiku, nikiwa nimesharudi mjini.

Hatua ya nne ni kuweka nakala, na hilo kila mpiga picha analijua. Lakini kabla hujapokea advansi ya mteja, andika `gphoto2 --abilities` uone kamera yako inaweza nini. Kuna zinazotoa picha tu na hazikubali kuamrishwa kupiga, na hilo ni bora ulijue ukiwa nyumbani kuliko mbele ya foleni ya wanafunzi.