Elimu kwa Maseremala: Kuilinda Mikono Unaporandia Ncha za Mbao

Dawati, kabati au fremu ya mlango huanza kulegea pale ambapo ncha za mbao hazikukutana sawasawa. Ili kuliepuka hilo, seremala hutumia kibao cha kurandia ncha. Hicho ni mbao mbili zilizopandanishwa mfano wa ngazi, na juu yake kizuizi kilichofungwa kwa pembe ya nyuzi 90. Kipande kinachorandwa huegemezwa kwenye kizuizi, kisha randa hulazwa ubavu kwenye ubao wa chini na kusukumwa kuipita ncha.

Ugumu hutokana na umbo la randa yenyewe, kwani imeundwa kushikwa ikiwa imesimama. Ikilazwa, mshikio hutazama pembeni, kifundo cha mkono hupinda, na kingo za chuma huumiza kiganja. Fundi huanza kubadili mkao ili kukwepa maumivu. Randa huyumba, na ncha hupotoka. Kwa hiyo, mkono kushika vyema ni sehemu ya usahihi wa kazi.

Zingatia mambo haya:

1. Noa kisu kabla ya yote. Ncha ya mbao ni ngumu kukatwa kuliko ubavu wake, na kisu butu hudai nguvu nyingi. Kitoe kidogo tu, ili kila msukumo uondoe unyoya mwembamba.

2. Lainisha kwa tupa na msasa kingo zile tu zinazogusa kiganja. Usiguse uso wa chini wa randa wala ubavu unaolala kwenye kibao, kwa kuwa ndivyo vinavyotunza pembe.

3. Bandika kipande cha ngozi au cha tyubu ya baiskeli kwenye ubavu unaotazama juu, kwa gundi ya mafundi viatu. Kwa randa ya mbao, waweza kuchonga mshikio wa mviringo na kuufunga hapo kwa skrubu fupi zisizokifikia kisu.

4. Paka nta ya mshumaa kwenye njia ya randa ili iteleze.

5. Simama nyuma ya randa, kiwiko kikiwa karibu na mwili. Sukuma kwa bega na miguu, huku kiganja kikiikandamiza randa chini na kuielekeza kwenye mbao.

6. Kata kidogo kona ya nyuma ya kipande kabla ya kuanza, ili nyuzi zisipasuke randa inapomalizia.

Ukimaliza, pima ncha kwa gonia. Ikiwa imepotoka, kagua kizuizi na kisu kabla ya kuongeza nguvu. Na mkono ukianza kufa ganzi, pumzika. Kuulazimisha ni kuuharibu mkono na mbao kwa pamoja.

Kwa vikundi vya useremala vinavyohitaji maelezo kuhusu mikopo ya vifaa, tafadhali muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu.